Uliza Mama Sekela: Mtu wa stakabadhi na vyumba vinne vya uani

*Shikamoo Mama Sekela. Niko Iyunga, Mbeya, karibu na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Marehemu mume wangu aliniachia nyumba, na mwaka huu nimemalizia vyumba vinne vya uani. Nataka kuweka wanafunzi, kila chumba 50,000 kwa mwezi. Mbele kuna fremu moja ya duka, kijana wa vifaa vya simu anaitaka kwa 80,000. Juzi kaja mtu na kitabu cha stakabadhi, anasema jiji linataka kila mwenye nyumba ya kupangisha awe na leseni, nimpe 60,000 ataniletea mwenyewe. Nimemwambia arudi Ijumaa. Mdogo wangu naye ananiambia niachane na wanafunzi, nilaze wageni kwa siku, ndiko kwenye hela. Nishike lipi?*
*Mama Tumaini, Iyunga*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mwenzio.

Huyo wa Ijumaa mpe chai, maana baridi ya huko kwenu naijua, kisha mwombe namba ya malipo. Malipo ya serikali siku hizi, yawe ya jiji, ya mamlaka ya mapato (TRA) au ya ardhi, yana namba yake. Unalipia benki au kwenye simu, na risiti inakuja kwa jina lako. Akisema namba ataileta baadaye, na hela mwambie ataipata baadaye. Nimekaa masjala ya halmashauri miaka kumi na tisa, sijaona leseni iliyotoka kwenye mkoba wa mtu.

Sasa kabla ya leseni, kuna neno umelipitia mbio: "marehemu aliniachia". Mirathi imefunguliwa? Kama hati au karatasi za kiwanja bado zina jina lake, na mahakama haijateua msimamizi, saini yako kwenye mkataba wa pango inayumba. Shemeji waliokaa kimya tangu matanga watakumbuka nyumba ya kaka yao siku wakisikia inaingiza kodi. Anza na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, nenda mahakama ya mwanzo. Wanafunzi hawaishi, wengine watakuja.

Mimi nina vyumba sita Ilomba. Ukutani kwangu hakuna leseni, kuna kalenda. Ila kabatini kuna bahasha ya kaki: namba ya mlipakodi, risiti za TRA, mikataba yenye stempu, na risiti za pango la ardhi za kila mwaka. Hiyo namba ya mlipakodi hutolewa bure, nenda na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10 ya pango lote unalopokea, siyo ya kilichobaki baada ya kununua rangi na mabati. Vyumba vinne kwa 50,000, mwaka mzima ni 2,400,000. TRA ina 240,000 yake humo. Ihesabu mapema, usije ukaila Krismasi.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka, kwako 24,000 kwa vyumba vyote vinne, na mkataba upelekwe TRA ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Hapa nina kovu. Nilikuwa na mpangaji, mpole, anasalimia mpaka kuku. Akaniomba muda wa kulipa, mwezi ukawa miezi mitano. Nikampeleka kwenye baraza la ardhi na nyumba nikiwa na mkataba wetu, karatasi ya daftari tuliyoandikia jikoni, doa la mafuta ya taa pembeni. Mwenyekiti akaigeuza huku na huku, akauliza stempu iko wapi. Mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi. Nilirudi na karatasi yangu, na yule bwana akahama usiku na balbu zangu.

Fremu ina taratibu zake. Leseni ya biashara ni ya yule kijana, ataiomba jiji, na kwenye maombi watamdai mkataba wa pango, kwa hiyo usimpe chumba kwa maneno. Yeye ni mfanyabiashara, basi kodi ya zuio anaikata yeye: kwenye 80,000 anakupa 72,000, ile 8,000 anaipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Usimgombeze kwamba amekupunja. Mdai cheti cha zuio, ukiweke kwenye bahasha. Na kama kiwanja kimepimwa kwa makazi tu, uliza mipango miji kuhusu kubadili matumizi kabla hujamfungulia mlango wa barabarani.

Mpango wa mdogo wako ndio wenye leseni kweli. Ukilaza wageni kwa siku umefungua gesti, hata ukiiita nyumba ya familia. Hapo kuna leseni, kuna ushuru wa nyumba za wageni, kuna maafisa afya watakaokagua vyoo, na kitabu cha wageni ambacho polisi wakija lazima ukifunue. Mjane na vyumba vinne, uamke saa nane za usiku kumfungulia dereva wa lori la Tunduma? Mimi ningeweka wanafunzi. Wapeleke kwa mwenyekiti wa mtaa waandikwe kwenye daftari la wakazi, na nakala ya kitambulisho cha kila mmoja ubaki nayo.

*Mama, mimi ni mpangaji hapa Iringa, Kihesa. Kila nikinunua umeme wa kwanza wa mwezi nakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo si langu. Nikimwambia mwenye nyumba anacheka.*
*Msomaji, Kihesa*

Mwambie na mimi nimecheka, ila kwa sababu nyingine. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwanza 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Wewe unamlipia tu kwa kuwa mita iko mkononi mwako. Ujumbe wa tokeni huonyesha makato, usiufute. Kwa mwaka ni 18,000. Siku ya kulipa pango mpe hela pungufu ya hiyo pamoja na ujumbe wote kumi na mbili, mbele ya shahidi. Na mkataba mpya uandikwe hivyo hivyo.

Kwangu Ilomba mita ni moja kwa vyumba sita. Tarehe moja asubuhi nanunua mimi umeme wa kwanza, makato yananikuta mimi, halafu ndipo wao wanachanga.