Ukisikia kuna ugonjwa wa ajabu mtaani, usikae unasubiri waziri atangaze

Mi niko Bukoba, nina duka, na Machi 2023 Marburg, ugonjwa wa virusi ndugu wa Ebola, ilipoingia upande wa Maruku na Kanyangereko nilikuwa huku huku. Kabla ya tangazo watu walikuwa wanasema tu "ugonjwa wa ajabu", wengine wanasema wamelogwa, maana walikuwa wanafuatana ndugu na ndugu, na wanaowauguza. Waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza tarehe 21. Wiki hiyo nilikwenda msiba wa jirani, nikanyoosha mkono kumpa shangazi yangu pole kama siku zote, akaurudisha wake nyuma ya kanga, akanionyesha ndoo ya koki pale mlangoni. Iliniuma jamani, ila alikuwa sahihi.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia sana, kwa nini serikali mara inatangaza haraka mara inasita. Watu wengi tunadhani huko juu wanajua kila kitu na wanatuficha. Ukweli ni kwamba serikali inajua kile kilichotoka kijijini, sasa kama watu wamezikwa kimya kimya na mtendaji hajaambiwa, hakuna sampuli itakayochukuliwa, na hata ikichukuliwa, kuthibitisha kunaweza kuhitaji safari ya zaidi ya kilomita 1,000 mpaka maabara ya Dar. 2023 tulibahatika kidogo, Uganda walikuwa wametoka kupambana na Ebola miezi michache nyuma na mikoa ya mpakani huku ilishaanza kujiandaa. Wakaugua 9, wakafa 6, tarehe 2 Juni ikatangazwa imeisha.

Halafu kuna hofu ya tangazo lenyewe, maana ukitaja Marburg majirani wanakaza mipaka, watalii wanaahirisha, biashara inalala. Januari 2025, Biharamulo, mkoa wetu huu huu wa Kagera, tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna wagonjwa wanaoshukiwa, kesho yake wizara ikasema vipimo havijaonyesha Marburg, tarehe 20 Rais Samia akiwa Dodoma na Dkt. Tedros, mkuu wa shirika hilo, akathibitisha kuna mgonjwa. Mi sijui mioyo ya watu, ila siku hizo ni nyingi kwa mtu anayemuuguza mama yake bila glavu.

Na aliyeko juu ana uzito kuliko tunavyofikiri. Korona, takwimu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, zikakaa hivyo hivyo zaidi ya mwaka. Akaingia Rais mwingine Machi 2021, ikaundwa kamati ya wataalamu, Julai chanjo zikaanza. Nchi ileile, madaktari walewale!

Sasa wewe ufanye nini. Wakifa wawili nyumba moja ndani ya siku chache, wana homa, wanatapika, wanatoka damu, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji au mtendaji siku hiyohiyo, au piga 199, ni bure. Andika nani alianza kuugua, tarehe gani, nani alimuuguza, alitoka wapi, mi nina daftari la hayo dukani chini ya kaunta. Maiti msiioshe wenyewe, hata kama mila inadai, subirini wataalamu, najua ni ngumu.

Tangazo likitoka usiishie kwenye idadi ya vifo, angalia wamesema watu wangapi waliokutana na wagonjwa wanafuatiliwa, kwa sababu hao ndo wanaonyesha kama kazi inafanyika. Wanafuatiliwa siku 21. Na ugonjwa hautangazwi umeisha mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, kwa hiyo wiki mbili za kimya zisikudanganye ukaanza kukumbatiana misibani.

Na diwani wako muulize sasa hivi, wakati hakuna ugonjwa, zahanati yenu ina glavu na maji? Ya kwetu niliwahi kwenda kuchoma sindano, nesi akaniambia nikanunue glavu duka la dawa kwanza.