Kapelani wa mabaharia na ndoa za bandarini

Umeuliza kama kapelani wa mabaharia, yaani padri Mkatoliki aliyewekwa kuwahudumia watu wa bahari, anaweza kufungisha ndoa meli ikiwa imetia nanga. Kwa cheo chake peke yake, hapana. Waraka wa Papa Yohane Paulo II uitwao Stella Maris, wa tarehe 31 Januari 1997, unampa mamlaka ya huduma zote za kiroho kwa watu wa bahari, ila mambo ya ndoa yamewekwa kando. Ndoa inahitaji ruhusa ya paroko wa mahali au askofu. Bila hiyo si halali, hata wachumba wakiwa wamesimama pale sitahani na pete mkononi. Inauma, najua, maana baharia hupata saa chache tu nchi kavu.

Lakini usimdharau kapelani. Kanuni ya 566 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamruhusu kuungamisha, kuhubiri, kupaka wagonjwa mafuta, hata kumpa Kipaimara aliye katika hatari ya kufa. Fundi mitambo wa meli aliyeungua injini ikifuka moshi hana haja ya kumsubiri paroko wa mjini.

Makapelani wa wanajeshi wana sheria yao nyingine ya Kanisa, ya 1986. Msiichanganye na hii.