Hesabu desimali kabla namba haijawa floti

Kijana aliyekuwa akitukusanyia data ya vituo vya maji Laikipia alinipigia simu asubuhi moja, amechoka. "Kaka, mfumo wenu umenirudisha tena kwenye ule mfereji. Mimi niliandika tarakimu tano zote." Alikuwa ameshatembea mara mbili hadi mahali palepale kwa sababu programu yangu ilidai vipimo vyake vya GPS ni pungufu. Nikafungua faili alilotuma. Longitudo: 37.07410. Tano kweli baada ya nukta. Programu ilikuwa imehesabu nne.

Sharti lenyewe lilikuwa na maana. Kila kipimo kilitakiwa kuwa na angalau nafasi tano baada ya nukta. Karibu na ikweta, nafasi ya tano ni mita 1.1 hivi ardhini, ya nne ni mita 11, ya tatu ni mita 111. Mifereji miwili ikitazamana, mmoja huku na mwingine ng'ambo ya barabara, nafasi nne hazitoshi kumwonyesha fundi ni upi uliokauka.

Nilichokuwa nimefanya ndicho wengi wetu hufanya mara ya kwanza. Nilisoma faili, kila namba ikawa floti, yaani namba ya desimali jinsi kompyuta inavyoihifadhi, nikaigeuza floti kuwa maandishi, nikakata kwenye nukta na kuhesabu tarakimu zilizobaki kulia. Lakini floti haiijui sifuri ya mwisho: 37.07410 na 37.0741 kwake ni namba moja. Sifuri huangukia mwishoni karibu mara moja katika kila mara kumi, na kila kituo kina latitudo na longitudo. Piga hesabu: katika kila vituo 100 vilivyopimwa sawasawa, nilikuwa nakataa 19 hivi. Watu walitembea juani bure, na bado linaniuma.

Siku hiyohiyo nikakuta kosa la pili. Ikweta inapita pale Nanyuki, na latitudo moja ilikuwa 0.00004. Floti ikiwa ndogo kuliko 0.0001, Python, lugha niliyoandikia programu, huiandika kwa mtindo wa kisayansi: 4e-05, yaani 4 mara 10 kwa kipeo cha -5. Humo hamna nukta ya kukatia, na programu ilikwama hapohapo.

Nikaachana na maandishi, nikajaribu kuzidisha. Zidisha namba kwa 10, kisha kwa 100, kisha kwa 1000, mpaka upate namba nzima; idadi ya sifuri ndiyo jibu. Inavutia kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Ijaribu kwa 4.35. Ukizidisha kwa 100 kompyuta inakupa 434.99999999999994, ambayo si namba nzima. Kwa 1000 inakupa 4350 kamili. Kwa hiyo jibu ni nafasi tatu, wakati mwenye macho anaona mbili.

Hapo nikaacha kurekebisha na kuanza kusoma. Floti ya biti 64 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), kwa kiwango cha IEEE 754 kilichotolewa mwaka 1985, hujenga namba kwa nusu, robo, thumuni na vipande vinavyofuata, kila kimoja nusu ya kilichokitangulia, na ina biti 53 tu za kushikilia tarakimu. Moja ya kumi haijengeki kwa vipande hivyo, kama vile theluthi isivyoandikika kwa desimali ikaisha. Ukiandika 0.1, kinachowekwa kwenye kumbukumbu ni jirani yake wa karibu zaidi, na jirani huyo akiandikwa kwa ukamilifu ana nafasi 55:

0.1000000000000000055511151231257827021181583404541015625

Kwenye skrini unaona 0.1 kwa sababu Python, tangu toleo la 3.1, hukuchagulia maandishi mafupi kuliko yote yanayoweza kurudisha floti ileile. Kuiuliza floti mtu aliandika nafasi ngapi ni kuuliza kitu ambacho haikukihifadhi. Nafasi za desimali zimo kwenye maandishi, na ukishayatupa zimeondoka nayo.

Basi hesabu mapema, namba ikiwa bado maandishi. Ukisoma faili kwa pandas, maktaba ya Python ya kusomea data, weka dtype=str kwa safu hizo ili zibaki maandishi. Kisha tumia Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza tarakimu kama zilivyoandikwa:

Decimal("37.07410").as_tuple().exponent

Utapata -5, yaani nafasi tano, sifuri ikiwemo. Usisahau alama za kunukuu. Ukiandika Decimal(0.1) bila alama hizo, unarudi kwenye zile 55. Kwa lugha ya Java, BigDecimal yenye scale() hufanya kazi hiyohiyo, kwa sharti hilohilo. Data ikija kwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, mpe json.loads agizo la parse_float=Decimal. Na chunga sana Excel: ukifungua CSV (faili la maandishi lenye safu zilizotengwa kwa mkato) moja kwa moja na kuihifadhi, sifuri za mwisho hupotea kabla programu yako haijaona chochote. Ingiza safu kama maandishi.

Vipimo vikitoka Goma au Bujumbura unaweza kukuta mkato badala ya nukta, kwa desturi ya Kifaransa. Badilisha mkato huo mwenyewe, kwa makusudi, kabla ya kuhesabu.

Kuna ushauri mmoja nakuomba uukatae: kuijaza namba mpaka ifike nafasi tano. Niliambiwa nifanye hivyo, ni mstari mmoja tu na kila kituo kingepita. Lakini 37.07 ikiandikwa 37.07000, umedai unajua mahali kwa mita moja ilhali aliyepima alijua kwa kilomita moja hivi. Fundi atakwenda na jembe lake mahali ambapo hapana bomba.

Kama kilichokufikia ni floti tayari na maandishi ya awali hayapo, tumia Decimal(str(x)). Angalau hiyo inaielewa hata 4e-05. Jibu lake lichukue kuwa kiwango cha chini cha nafasi zilizoandikwa, na usilitumie kumkatalia mtu kazi yake.

Mafaili ya awali tulikuwa nayo, namshukuru Mungu. Nilivipitia upya vituo vyote vilivyokataliwa, jioni nikampigia yule kijana kumwambia asiende mara ya tatu.