Umeitwa kurudi ofisini? Anza na baba watoto

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza. Ofisi yao imewapa hadi mwisho wa mwezi, wote warudi, kufanyia kazi nyumbani basi. Ana mtoto wa miezi 9 na mwingine wa chekechea. Akaniuliza, "Dada, wewe uliwezaje?" Swali hilo limenikaa siku 2, kwa sababu mara ya kwanza sikuweza.

Mimi ni mhasibu. Nilifanyia kazi nyumbani Mbezi, Dar es Salaam, karibu miaka 3, kompyuta juu ya meza ya chakula. Barua ya kuitwa ofisini Posta, katikati ya jiji, ilipofika, mwanangu alikuwa na miezi 10. Nikasema dada wa kazi yupo, yamekwisha. Wiki ya tatu, Jumatatu saa 11 alfajiri, nikamkuta sebuleni na begi lake. Mama yake anaumwa, anakwenda Singida. Ningemzuia kwa lipi?

Nikamwacha mtoto kwa jirani ambaye sikuwahi hata kuketi kwake. Daladala mpaka Kimara, basi la mwendokasi la kwanza limejaa, la pili limejaa. Nilifika saa 3 na nusu. Bosi wangu wa wakati ule akaniambia mbele za watu kwamba ofisi si kliniki ya watoto. Miaka 6 nilikuwa pale, sijawahi kuchelewesha mahesabu ya mwisho wa mwezi hata mara moja. Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Jioni ndipo nikaona kilichoniuma zaidi. Mume wangu naye alikuwa anakwenda kazini asubuhi ile ile. Alivaa, akanywa chai, akasema "pole mama", akaondoka. Si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye, "Mtoto atabaki na nani?" Hata mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujatafuta dada wa kazi, kabla hujampigia mama simu aje kutoka kijijini, keti na baba watoto, kalamu mkononi. Nani anapeleka, nani anachukua, mtoto akipata homa saa 4 asubuhi nani anaomba ruhusa. Sisi tuligawana: asubuhi yake, jioni yangu, homa kwa zamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria inakihesabia likizo, kwa mambo kama kuuguliwa na mtoto, na haikutaja mama, imetaja mfanyakazi. Mume wangu alipoomba mara ya kwanza, kazini kwake walimshangaa. Akaomba tena.

Kwa huyo wa miezi 9, sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anyonyeshe ndani ya muda wa kazi, jumla isizidi saa 2 kwa siku. Omba kwa barua, ubaki na nakala. Mimi niliomba kwa mdomo, nikiona aibu, nikanyimwa kwa mdomo.

Ukitafuta kituo cha kulelea watoto mchana, uliza kama kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii, kisha nenda saa 10 jioni bila kutoa taarifa, walezi wakiwa wamechoka. Viwili nilivikataa hapo hapo mlangoni. Cha tatu, mlezi alizungumza nami huku amempakata mtoto anayelia, wala hakumweka chini ili anihudumie mimi. Nikalipa siku ile ile.

Akina mama wenzangu, tuache kujibebesha kila kitu kisha tukalia bafuni. Mtoto ana baba, ana shangazi, ana jirani. Waambie mapema, kwa utulivu, kabla ya Jumatatu ya begi sebuleni. Waambie tena wakisahau.

Na wewe wa Mwanza, zungumza na baba watoto leo usiku watoto wakishalala, kabla mpira haujaanza. Kisha niandikie alichojibu.