Mzazi wako hataki kusikia habari za ugonjwa? Usibishane nae, muulize

Wiki hii kuna mdada kaniandikia inbox kutoka Kahama. Mama yake ana sukari, ana kibanda cha chakula barabarani, madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanakula hapo kila siku, na kila akimgusia habari za mpox, ule ugonjwa wa homa na vipele, mama anamkata kauli, "hayo ni magonjwa ya wahuni". Anauliza afanyeje.

Mdogo wangu, mi haya nimeyapitia na mzee wangu wakati wa Korona na nikafanikiwa, kwahiyo tulia nikupe.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 2020 Arusha, baadae hesabu zikaishia wagonjwa 509 na vifo 21, Juni tukaambiwa Korona imeisha. Baada ya hapo kila mtu akabaki na kile kilichoingia kwenye simu yake. Mwanzoni mwa 2021 misiba ikafuatana, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akafariki Februari 17, chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ana Korona, lakini mtaani kwetu Mbagala bado ukiuliza marehemu aliumwa nini unaambiwa changamoto ya upumuaji, basi, mnaendelea kuchanga rambirambi. Siwalaumu watu kabisa. Mtu asipopewa taarifa atajijazia mwenyewe.

Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani, chanjo ikaanza. Nikaenda kwa baba mkubwa, ndo aliyenilea, ana presha na sukari. Akakataa. Anajifukiza nyungu kila jioni, mwarobaini na mchaichai, na grupu la familia limejaa video, ukichanjwa hupati mtoto, ukichanjwa baada ya miaka miwili umekufa, ukichanjwa mkono unanasa sarafu kama sumaku.

Hiyo ya sarafu ndo aliyoiamini kuliko zote. Sikubishana. Nikamwomba anyooshe mkono, tumekaa kibarazani mchana jua kali jasho linamtoka, nikachukua sarafu ya mia mbili nikaibandika juu ya bega. Ikanata! Akaitazama muda, akaibandua, akairudisha mwenyewe, ikanata tena. Nikamwambia baba, we hujachanjwa, hilo ni jasho tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Ila hakukubali siku hiyo, na hapa ndo wengi mnakosea, mnadhani ukishavunja uvumi umemaliza. Nikamuuliza taratibu, baba hasa unaogopa nini? Akakaa kimya, alafu akasema anaogopa sindano itapandisha presha afe usiku peke yake. Kumbe! Wala sio sumaku. Nikaenda nae kwa daktari wake wa kliniki ya presha anaemuamini miaka yote, akamwambia mzee, wenye presha na sukari ndo tunawataka wa kwanza, maana ugonjwa ukiwashika nyie unawalaza, chanjo haizuii kila maambukizi ila inakupunguzia sana kuzidiwa. Akachanja hapohapo. Usiku homa kidogo na mkono kuuma, akanywa panadol, asubuhi yupo dukani kwake, na baadae yeye mwenyewe ndo akawa anawapeleka wazee wenzake. Najivunia hilo mpaka leo.

Wakati huo binamu yangu mmoja kaandika kwenye grupu kwamba nimelipwa na wazungu nimuue mzee. Watu wakaweka emoji za kulia. Hakuna hata mmoja aliyenitetea na binamu hajawahi kuniomba radhi, tunasalimiana misibani tu. Inauma. Ndugu zangu, acheni kusambaza video ambayo hamjui imetoka wapi, kuna mzazi wa mtu anaamua uhai wake kwa hiyo video! Ogopeni Mungu.

Kwahiyo mdogo wangu, usimrushie mama maelezo, muulize anaogopa nini, na usimuulizie kwenye grupu, muulize mkiwa wawili. Inawezekana anaogopa tu kwamba wateja watamkimbia wakisikia anazungumzia mpox. Ukishajua, mtafute nesi anaempimia sukari aongee nae, sio wewe.

Na hilo la wahuni mwambie kwa heshima kwamba mpox inapita kwa kugusana na mwenye vipele, hata shuka na taulo lake, mtoto mdogo anaupata vilevile. Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wa kwanza hapa nchini Machi 2025, sio hadithi za mbali. Aweke ndoo ya maji tiririka na sabuni pale kibandani, hiyo haimfukuzi mteja, na akiona mtu ana vipele na homa asimnyanyapae, amwelekeze zahanati au mpige 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya, ni bure.

Ukiongea nae niandikie amesemaje, nasubiri.