Nondo za polima katika boriti ya zege lenye nyuzi

Ndugu, umeuliza kama nondo za polima zenye nyuzi za kioo zinaweza kuchukua nafasi ya zile za chuma kwa kipenyo kilekile, kwa kuwa zege lako lina nyuzi za polipropilini. Tafadhali usifanye hivyo bila kukokotoa upya. Nondo hizo huhimili mvutano mkubwa kuliko chuma cha kawaida, lakini moduli yake ya unyumbufu, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kurefuka inapovutwa, ni takriban gigapaskali 45 hadi 60, ilhali ya chuma ni 200. Kwa hiyo boriti hupinda zaidi, nyufa hupanuka, na mara nyingi hayo ndiyo huamua kiasi cha nondo kabla ya nguvu yenyewe.

Tena nondo ya polima hairefuki sana na kutoa onyo kama chuma kabla ya kukatika, bali hukatika ghafla. Ndiyo maana mwongozo wa Taasisi ya Zege ya Marekani, ACI 440.1R, huzidisha nguvu iliyokokotolewa kwa kipunguzo cha 0.55 pale nondo inapotangulia kukatika, na hadi 0.65 zege linapotangulia kupondeka. Hapo nyuzi za polipropilini zilizo ndani ya zege husaidia kwa dhati: hubana nyufa na kufanya kupondeka kuwe kwa polepole, ingawa nguvu ya kupinda huongezeka kidogo tu. Ndoano, yaani ncha za nondo zilizopindwa, nazo agiza kiwandani, kwani nondo hizi hazikunjiki saiti.