Marejesho yangu ya kodi yalipoingia kwenye akaunti ya mtu mwingine

Nawaandikia wenzangu tunaoishi Marekani, hasa mnaompelekea W-2 zenu (fomu za mwajiri za mshahara na kodi ya mwaka) "kaka anayejua mambo ya kodi" kila Februari. Na mimi nilikuwa na kaka yangu wa namna hiyo. Nilimlipa dola 150, akanifanyia ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, sebuleni kwake, akanichapishia nakala. Niliona marejesho ya dola 2,318 na namba ya akaunti yangu ya benki. Nikashukuru, nikawahi zamu ya usiku.

Wiki tatu zikapita, hela haijaingia. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wana ukurasa wa kufuatilia marejesho: unaweka namba yako ya Social Security, unasema umewasilisha peke yako au na mwenzi, kisha unaandika kiasi kamili unachotarajia. Nikaandika 2318. Ikajibu kwamba taarifa hazilingani. Nikarudia taratibu, tarakimu moja moja. Jibu likawa lile lile.

Ukifika hapo usiendelee kubahatisha. Ukurasa ukikataa kiasi kilichoandikwa kwenye nakala uliyopewa, huenda kilichopelekwa IRS sicho ulichoonyeshwa. Fungua akaunti yako kwenye IRS.gov (watakutaka kitambulisho na picha ya uso) uchukue transkripti mbili (muhtasari wa kumbukumbu zako zilizoko IRS), ya ritani na ya akaunti. Ukishindwa mtandaoni, unaweza kuomba ije kwa posta.

Transkripti ya ritani ilisema nina wategemezi wawili, kila mmoja ameandikwa kwa herufi chache za jina la ukoo. Mimi sina mtoto. Marejesho yaliyoombwa yalikuwa dola 7,046. Kwenye transkripti ya akaunti kulikuwa na namba 846, maana yake marejesho yameshatolewa, na tarehe ya siku kumi na moja nyuma. Nilikaa kitandani na sare ya kazi bado mwilini, nikasoma mstari ule mpaka kukakucha.

Nilipompigia yule kaka, alinijibu kwa upole: "Mdogo wangu, kompyuta imekosea. Ijumaa nakupa hela yako." Ijumaa ikawa Jumatatu. Halafu simu ikatoka kwa mama mmoja tunayemheshimu sana hapa: "Mwanangu, yule ana familia. Msipelekane polisi, njooni tukae tuyamalize." Nilikaribia kukubali. Tumelelewa hivyo, na mimi bado naamini mambo mengi humalizwa vizuri zaidi kwenye mkeka kuliko kituoni.

Lakini hili halikuwa deni la watu wawili. Hata angenirudishia senti zote siku ile ile, ritani yenye watoto wa uongo ingebaki IRS kwa jina langu. Kwa sheria, mwenye ritani ndiye anayewajibika kwa kilichoandikwa ndani yake. Anayeonekana amedai nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo (EITC) kwa kupuuza kanuni kizembe anaweza kuzuiwa kuidai kwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10. Na siku ukiomba uraia, fomu inauliza habari za kodi zako. Nilimweleza mama yule haya yote kwa heshima. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi nenda, mwanangu. Sikujua."

Anayeibiwa na mtayarishaji wa ritani hujaza fomu mbili. Ya 14157 ni malalamiko dhidi yake. Ya 14157-A ni kiapo chako kwamba ritani ile au mabadiliko yale hukuyaridhia, na ndiyo inayoomba akaunti yako irekebishwe. Wengi hujaza ya kwanza tu, wakasubiri hela isiyokuja. Zipeleke pamoja, uambatishe ritani sahihi uliyoisaini, W-2, nakala aliyokupa na ripoti ya polisi. Ndiyo, ripoti ya polisi: marejesho yakiwa yamehamishwa na mtayarishaji, IRS wanaitaka. Mimi niliweka pia taarifa ya benki kuonyesha kwamba hakuna kilichoingia, na ujumbe wake wote wa simu, ule wa "Ijumaa" ukiwemo. Tuma kwa posta yenye stakabadhi, ubaki na nakala ya kila karatasi.

Kama humjui aliyewasilisha, yaani mtu ameiba namba yako na wewe unagundua pale ritani yako inapokataliwa kwa kuwa nyingine imeshaingia, njia yako ni fomu 14039. Usizichanganye.

Kupiga simu benki ilikopelekwa hela hakukunisaidia. Benki ikigoma kurudisha, IRS hawawezi kuilazimisha.

Kusubiri ni kwa miezi mingi. Kama kukosa hela ile kunakuweka kwenye hatari ya kufukuzwa nyumba au kukatiwa umeme, jaza fomu 911 ya Taxpayer Advocate Service, chombo kilicho ndani ya IRS chenye kazi ya kumsimamia mlipa kodi. Wana ofisi kila jimbo. Kwa wenye kipato kidogo kuna pia kliniki za kodi, LITC, ambazo mwanasheria hukusimamia bure au kwa ada ndogo. Na ukiongea na IRS kwa simu, omba mkalimani; huduma hiyo ni ya bure. Usione haya kuomba, maana neno moja ulilolielewa vibaya hapo linaweza kukupotezea miezi.

Nakala yangu ya zamani bado ninayo. Chini kabisa ya ukurasa wa pili wa fomu 1040 kuna sehemu ya mtayarishaji anayelipwa: anatakiwa asaini na aweke PTIN, namba yake ya utambulisho anayopewa na IRS. Yangu ilikuwa tupu, nami sikuitazama. Sasa naenda VITA, watu wa kujitolea wanaofanya ritani bure, nami husoma mstari wa 35b na 35d, yaani namba ya benki na ya akaunti marejesho yanakokwenda, kwa sauti, kadi ya benki mkononi, kabla hawajatuma.

Cheki yangu ilikuja kwa posta baada ya mwaka na miezi miwili, 2,318 na riba kidogo. Kufikia hapo tulikuwa tumeshafahamiana watu watano tuliopitia sebule ile ile. Wawili kati yao walikuwa wamepata marejesho yao yote bila tatizo, na ndiyo maana hawakuwahi kuangalia transkripti. Walipoangalia, walikuta watoto wasiowajua na kiasi cha ziada kilichogawiwa kwenda akaunti ya pili. Kama na wewe hela yako iliingia salama, bado ichukue transkripti yako wiki hii.